Miaka 18 au 21: kuzipima hukumu za Marekani kuhusu umri wa kununua bunduki

Tarehe 30 Januari 2025, Mahakama ya Rufaa yenye makao New Orleans, moja ya mahakama za serikali kuu ambazo kila moja husimamia majimbo kadhaa, ilitamka kwamba kumkatalia mtu wa miaka 18 kununua bastola dukani ni kuvunja Katiba ya Marekani. Wiki sita baadaye, tarehe 14 Machi, Mahakama ya Rufaa ya Atlanta ikatamka kwamba jimbo la Florida halikuvunja Katiba lilipomkatalia mtu wa umri huohuo kununua bunduki ya aina yoyote. Majaji wa pande zote mbili walisoma sentensi moja ya Katiba, yaani Marekebisho ya Pili yanayolinda haki ya watu kuwa na silaha, wakachimba historia ya karne ileile ya 18, kisha wakatoka na majibu yasiyoweza kukaa pamoja.

Kwa msomaji anayefuatilia mjadala huu, awe mwanafunzi wa sheria Nairobi au mzazi kutoka Kongo aliyehamia Texas na ana kijana aliyemaliza sekondari juzi, swali ni hili: hukumu ipi ina mashiko zaidi? Nitaziweka ubavu kwa ubavu na kusema wazi nimeegemea wapi. Ila kwanza kuna kosa ambalo karibu kila mbishani analifanya. Watu huuliza, "Je, umri wa miaka 21 ni halali au si halali?" Swali hilo halijibiki, kwa kuwa sheria zinazogombewa hazizuii jambo moja.

Kununua, kubeba, kumiliki

Sheria mama ni ile ya udhibiti wa bunduki ya 1968. Rais Lyndon Johnson aliitia saini Oktoba, katika mwaka uleule Martin Luther King na Robert Kennedy walipouawa kwa risasi. Inamwambia muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu asimuuzie bastola mtu aliye chini ya miaka 21, na asimuuzie bunduki ya mtutu mrefu aliye chini ya miaka 18.

Anayefungwa mikono hapo ni mwenye duka. Kijana wa miaka 19 hakatazwi na sheria hiyo kuwa na bastola. Anaweza kupewa zawadi na baba yake, na kwa upande wa sheria ya serikali kuu anaweza hata kuinunua kwa jirani asiyefanya biashara ya silaha, mradi wote wawili ni wakazi wa jimbo moja. Marufuku ya kuwa na bastola yenyewe iliongezwa 1994, nayo inawagusa walio chini ya miaka 18 tu, tena ikiacha nafasi kwa mambo kama uwindaji na mazoezi ya shabaha kwa idhini ya mzazi.

Florida ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 14 Februari 2018, kijana wa miaka 19 aliingia na bunduki katika shule ya sekondari ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, akaua watu 17. Silaha hiyo alikuwa ameinunua kihalali akiwa na miaka 18. Tarehe 9 Machi, Gavana Rick Scott wa chama cha Republican alitia saini sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki zote kuwa miaka 21, iwe ni kwa mwenye duka au kwa mtu binafsi. Askari polisi, askari magereza na wanajeshi waliachiwa bunduki za mtutu mrefu. Anayekiuka anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka mitano. Hata hivyo kijana wa miaka 18 anaruhusiwa kuwa na bunduki aliyopewa au kuazimwa. Siku ileile sheria iliposainiwa, chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilifungua kesi.

Kundi la tatu ni sheria za kubeba. Minnesota ilisema mwaka 2003 kwamba kibali cha kubeba bastola hadharani hakitolewi kwa aliye chini ya miaka 21. Hapo anayezuiwa si muuzaji, ni kijana mwenyewe, na anazuiwa hata kama bastola aliipata kwa njia iliyo safi kabisa.

Ukizishika tofauti hizo tatu, nusu ya utata wa kesi hizi unaondoka.

Kipimo ambacho majaji wamepewa

Juni 2022, katika kesi iliyotoka New York, Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kalamu ya Jaji Clarence Thomas ilibadili namna ya kupima sheria za bunduki. Jaji hatakiwi tena kuuliza kama sheria inaokoa maisha kiasi cha kutosha kuhalalisha kikwazo kinachowekwa. Anauliza maswali mawili. La kwanza, je, jambo linalozuiwa liko ndani ya maneno ya Marekebisho ya Pili ya 1791? Kama limo, je, serikali inaweza kuonyesha kwamba kizuizi cha namna hiyo kina mizizi katika desturi ya kihistoria ya taifa hilo? Juni 2024, Jaji Mkuu John Roberts alilegeza kidogo kwa kusema si lazima kupata sheria pacha ya zamani, inatosha kanuni iliyo nyuma yake ifanane.

Maana yake ni kwamba maiti 17 za Parkland haziingii kwenye mizani. Wala watoto 19 na walimu wawili wa Uvalde, Texas, waliouawa Mei 2022 na kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki siku chache tu baada ya kutimiza umri huo. Jambo hili linanikera, na sitalificha. Lakini anayetaka kupima hukumu hizi kwa haki hana budi azipime kwa mizani ambayo majaji walikabidhiwa, si kwa mizani ambayo angependa wangekuwa nayo.

New Orleans: hoja ya mgambo

Hukumu ya New Orleans iliandikwa na Jaji Edith Jones kwa niaba ya jopo la majaji watatu, bila upinzani. Mahakama hiyohiyo ilikuwa imeihalalisha sheria hiyohiyo ya 1968 mwaka 2012, chini ya kipimo cha zamani.

Hatua ya kwanza ni fupi. Katiba inasema haki ya kuwa na silaha ni ya "watu", na neno hilohilo linatumika katika uhuru wa kukusanyika na katika kinga dhidi ya upekuzi. Hakuna anayethubutu kusema kijana wa miaka 19 hana haki hizo nyingine. Basi iweje asiwe mmoja wa "watu" katika haki hii moja?

Hatua ya pili ndiyo yenye nguvu. Tarehe 8 Mei 1792, miezi michache tu baada ya Marekebisho ya Pili kupitishwa, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya mgambo. Kila raia mwanamume mzungu, huru na mwenye afya, kuanzia miaka 18 hadi kabla ya 45, aliandikishwa. Naye alitakiwa, ndani ya miezi sita tangu kuarifiwa, ajipatie mwenyewe gobore zuri, singe na mkanda wake, mawe mawili ya akiba ya gumegume, shanta, na mkoba wenye kisanduku cha kuchukua risasi zisizopungua 24. Orodha hiyo ni mahususi mno kuweza kupuuzwa. Serikali iliyomwagiza kijana wa miaka 18 atafute gobore na risasi kwa gharama yake mwenyewe, anauliza upande huu, inawezekanaje iwe iliamini hana haki ya kulinunua?

Hatua ya tatu ni kuukataa ushahidi wa historia ya baadaye. Serikali ilileta sheria za majimbo zilizozuia kuwauzia vijana bastola, lakini za mwanzo kabisa ni za miaka ya 1850. Jopo lilisema zimechelewa mno kutuambia watu wa 1791 walielewa nini.

Atlanta: hoja ya mkataba

Atlanta kesi ilisikilizwa na mahakama nzima. Majaji wanane waliunga mkono sheria ya Florida, wanne wakapinga. Jaji William Pryor, aliyeandika hukumu ya walio wengi, hakuanza na mgambo. Alianza na mkataba.

Katika sheria ya kawaida ya Kiingereza ambayo Marekani iliirithi, mtu alikuwa mtoto kisheria hadi afikishe miaka 21. Mkataba aliouingia kabla ya hapo aliweza kuutengua, isipokuwa kwa mahitaji ya lazima kama chakula na mavazi. Mshahara wake ulikuwa wa baba yake. Mpe sura ya mtu. Kijana wa miaka 19 wa Philadelphia mwaka 1791 anaingia kwa mfua bunduki, anataka gobore kwa mkopo, atalipa baada ya mavuno. Mfua bunduki anajua kwamba kesho kijana anaweza kuja kusema, "Nilikuwa mtoto, mkataba haunishiki." Anajua pia kwamba hana pesa zake mwenyewe za kudaiwa. Anamwambia akamlete baba. Kwa Pryor, hiyo ndiyo desturi: mwanya wa kijana kupata silaha ulipita kwa mzazi au mlezi.

Je, mgambo? Atlanta inajibu kwamba baadhi ya majimbo yaliwaagiza wazazi na walezi ndio wawape vijana silaha hizo, jambo linaloonyesha watunga sheria walijua kijana mwenyewe hana uwezo wa kuzinunua. Inaongeza mfano wa Chuo Kikuu cha Virginia, ambacho bodi yake mwaka 1824, Thomas Jefferson na James Madison wakiwa wajumbe, iliwakataza wanafunzi kuwa na silaha chuoni. Kisha zinafuata Alabama na Tennessee, zilizozuia mwaka 1856 kuwapa au kuwauzia watoto bastola, na hadi karne inakwisha majimbo yapata 20 yalikuwa yamefuata njia hiyo.

Tarehe 18 Juni 2025, Mahakama ya Rufaa ya Richmond ilishika njia inayokaribiana sana na hiyo. Jaji Harvie Wilkinson, kwa kura mbili dhidi ya moja, aliihalalisha sheria ya 1968, yaani sheria ileile ambayo New Orleans iliiangusha. Kwa hiyo sasa mgongano si wa Florida na Louisiana tu. Mwenye duka la Virginia na mwenye duka la Texas wako chini ya mstari mmoja wa sheria, na mahakama za rufaa zilizo juu yao zimeusoma mstari huo kinyume kwa kinyume.

Pengo la kila upande

Hukumu zote mbili zina mahali zinapovuja.

Hoja ya mgambo inavuja kwanza kwa sababu wajibu si haki. Mtu anaweza kuagizwa na serikali abebe silaha siku ya gwaride bila hilo kumaanisha serikali haiwezi kumwekea masharti sokoni. Pili, umri wa mgambo haukuwa mmoja. Makoloni kadhaa kabla ya uhuru yaliandikisha kuanzia miaka 16. Ukishika mgambo kama kipimo, lazima ueleze kwa nini kijana wa miaka 16 leo asiingie dukani, na sioni New Orleans ikiwa na jibu linaloridhisha. Tatu, na hili msomaji wa Afrika hawezi kulipita kimya, sheria ya 1792 inataja wanaume wazungu. Mtu mweusi aliye huru hakuwamo, mwanamke hakuwamo. Orodha iliyowafungia nje watu wengi hivyo haiwezi kuwa ndiyo orodha ya "watu" wanaotajwa na Katiba.

Hoja ya mkataba nayo inavuja. Kijana aliyekuja na pesa taslimu mkononi hakuwa amekatazwa na sheria yoyote ya 1791 kuuziwa. Uwezo wa kutengua mkataba uliwekwa kumlinda yeye asidhulumiwe, haukuwekwa kuilinda jamii dhidi yake. Hilo ndilo waliopinga Atlanta walilishikilia, na ni pigo zito. Halafu kuna mwanamke aliyeolewa. Naye katika sheria ileile ya Kiingereza hakuwa na uwezo wa kuingia mkataba kwa jina lake. Leo hakuna jaji atakayesema jimbo linaweza kumzuia mke wa mtu kununua bunduki kwa kuwa mwaka 1791 hakuweza kusaini. Basi kwa nini kikwazo cha kisheria cha kijana kidumu na cha mwanamke kifutike?

Jibu lipo, na kwangu ndilo linaloamua. Ubaguzi wa rangi na wa jinsia katika haki za raia uliondolewa kwa Katiba yenyewe kurekebishwa na kwa sheria zilizofuata. Mstari wa umri haujawahi kuondolewa. Marekebisho ya 1971 yalishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, yakanyamaza kuhusu mambo mengine yote. Umri wa utu uzima ni jambo ambalo kila jimbo limeendelea kujipangia: Alabama na Nebraska ni miaka 19, na Mississippi, iliyo ndani ya eneo la mahakama ya New Orleans, bado imebaki na 21 kwa mambo kadhaa.

Kwa hiyo, kwa kesi za kununua, naegemea Atlanta na Richmond. Ushahidi wao unazungumzia tendo lilelile linalobishaniwa, yaani kijana na muuzaji na bei, ilhali ushahidi wa New Orleans unazungumzia kuwa na silaha na kuitumikia nchi. Tena kizuizi chao kinaacha mlango wa mzazi wazi, kama ulivyokuwa. Mtu akiniuliza kama basi jimbo linaweza kuweka miaka 25, jibu langu ni hapana. Hoja ya Atlanta imesimama juu ya namba 21, na hakuna desturi ya kale inayoibeba 25.

Kubeba ni habari nyingine

Hapa naruka upande wa pili. Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ya St. Louis iliiangusha sheria ya Minnesota ya kubeba bastola, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya jimbo. Mahakama ya Philadelphia ilikuwa imefikia uamuzi wa aina hiyo kuhusu sheria za Pennsylvania zilizowazuia vijana kubeba bunduki hadharani wakati wa hali ya hatari. Mahakama ya Juu iliirudisha kesi hiyo itazamwe upya, na Januari 2025 Philadelphia ikarudia jibu lake lilelile.

Hoja ya mkataba haifiki huku. Anayebeba bastola aliyopewa na mama yake hajaingia mkataba na mtu. Ukimzuia, umemgusa yeye mwenyewe na haki yake, na hapo ule ushahidi wa mgambo unakuwa na uzito wote ambao hauna katika kesi za kununua. Minnesota ilijaribu kusema vijana wa umri huo ni hatari, na majaji wakaijibu kwamba dai la hatari kwa kundi zima la watu wazima halitoshi.

Mahakama ya Rufaa ya Denver, Novemba 2024, iliruhusu sheria ya Colorado ya 2023 inayoweka umri wa miaka 21 kununua bunduki yoyote. Njia yake ni ya mkato: ilisema masharti ya biashara ya silaha yanachukuliwa kuwa halali tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2008, basi historia ya mgambo haina haja ya kuchimbwa. Siipendi njia hiyo. Ukisema kila sharti la kibiashara liko nje ya haki, utakuwa umempa mtunga sheria ufunguo wa kuifunga haki yote pale mlangoni kwa duka.

Ukizipanga sasa: Atlanta, Richmond na Denver zimekubali vizuizi vya kununua, St. Louis na Philadelphia zimekataa vizuizi vya kubeba. Kati ya hizi, New Orleans ndiyo iliyoangusha kizuizi cha kununua.

Na sheria zenyewe, ipi imetungwa vizuri?

Sheria kuruhusiwa na Katiba hakumaanishi ni nzuri. Ile ya 1968 ina tundu ambalo sijaona anayelitetea vizuri. Kijana wa miaka 19 anakataliwa na mwenye duka, mtu ambaye angemjazisha fomu, angepiga simu kuchunguza rekodi zake, angetunza kumbukumbu. Anaruhusiwa kununua bastola hiyohiyo kwa mtu binafsi katika maegesho ya magari, bila uchunguzi wowote unaodaiwa na sheria ya serikali kuu. Yaani anasukumwa kutoka penye macho kupelekwa pasipo na macho. Florida iliziba tundu hilo kwa kumzuia kijana mwenyewe asinunue kwa yeyote.

Lakini Florida ilikaza mahali pengine kupita kiasi. Kijana wa miaka 20 wa shambani anayewinda tangu utotoni hawezi kununua bunduki ya kuwindia, na hakuna njia ya yeye kuonyesha amefundishwa. Vermont, iliyopandisha umri mwaka huohuo wa 2018, ilimwachia nafasi aliyehitimu mafunzo ya usalama wa uwindaji. California nayo ilitoa nafasi kwa wenye leseni ya kuwinda. Kwa utungaji, naona Vermont ilifikiri vizuri zaidi kuliko wote: inamkumbuka kijana mwenye nidhamu na bado inamchelewesha anayetimiza miaka 18 leo na kukimbilia dukani kesho.

Kuna njia ya kati iliyotoka kwa Bunge la Marekani mwezi mmoja baada ya Uvalde. Sheria ya 2022 haikupandisha umri. Iliamuru kwamba mnunuzi aliye chini ya miaka 21 achunguzwe zaidi, pamoja na rekodi za utotoni na za afya ya akili, na panapokuwa na shaka uchunguzi uweze kufika siku 10 za kazi. Yule wa Uvalde alinunua akiwa na haraka. Siku kumi za kungoja zingeweza kuwa nyingi.

Kesi inayokimbizwa na umri

Kuna ugumu mwingine ambao haumo katika kesi nyingi za haki. Mlalamikaji ana nafasi ya miaka mitatu tu, kutoka 18 hadi 21, na kesi ya Katiba mara nyingi huchukua zaidi ya hapo. Richmond iliwahi kuiangusha sheria ya 1968 mwezi Julai 2021, lakini mlalamikaji akatimiza miaka 21 kabla mambo hayajakamilika, na hukumu nzima ikafutwa kwa kuwa hakukuwa tena na mgogoro. Ndiyo maana siku hizi utaona vyama vya wamiliki wa bunduki vikiwa walalamikaji. Chama huwa na mwanachama mwingine wa miaka 18 mkononi.

Tena ushindi haufiki kwa kila mtu. Hukumu ya New Orleans ilirudisha shauri kwa mahakama ya chini ili ndiyo ipange nafuu kwa walioshtaki, na Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine kabisa, ilizibana mahakama zisitoe amri zinazovuka walalamikaji walio mbele yao. Kijana wa Houston aliyesikia "tumeshinda" asidhani kaunta ya duka imebadilika. Kwa upande wa Florida, NRA ilipeleka ombi Mahakama ya Juu mwezi Mei 2025, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, James Uthmeier, alishatangaza kwamba yeye haioni sheria hiyo kuwa halali na hataitetea huko. Baraza la Wawakilishi la Florida limepiga kura zaidi ya mara moja kuurudisha umri kuwa 18, Seneti haikuunga mkono.

Kwa familia zinazoishi huko

Wazungumzaji wa Kiswahili ni wengi Texas na Minnesota, na mambo matatu yanafaa kujulikana kabla ya kijana kuchagua lolote kwa kusikia habari za mahakama.

Mzazi anayetaka kumpa mwanawe wa miaka 19 zawadi ya bastola anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu, ikiwa ni zawadi kweli na sheria ya jimbo haizuii. Lakini pesa zikiwa za mtoto na mzazi akajaza Fomu 4473, ile ya kununulia bunduki dukani, akidai yeye ndiye mnunuzi halisi, huo ni uongo kwenye fomu ya serikali, na adhabu yake inaweza kufika miaka 10 jela.

Mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya masomo haguswi kabisa na mjadala wa 18 na 21. Mwenye viza ya muda hatakiwi kushika bunduki wala risasi kwa umri wowote, isipokuwa awe na sababu inayotambuliwa kama leseni halali ya kuwinda. Kwenda na marafiki kwenye uwanja wa shabaha na kupokea bastola ya kukodi kwa dakika kumi kunahesabiwa kuwa ni kushika.

La tatu ndilo zito zaidi. Mwenye kadi ya ukaazi, hata aliyekaa miaka mingi, akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria, anaweza kurudishwa alikotoka. Rafiki yake aliye raia, kwa kosa hilohilo, atatumikia adhabu na kurudi nyumbani. Kwa hiyo kijana asiye raia, hata akiishi Texas ambako New Orleans imesema ana haki, asiwe wa kwanza kuijaribu hukumu hiyo dukani kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.